Kibao Kisichokuza Herufi

Mume wangu aliponioa, jamaa zake wa Nkubu walikuwa na maswali mengi juu ya msichana aliyetoka Embu. Walitaka kujua kama mukimo wangu utalika, kama nitaweza kuupanda mteremko wao nikiwa na kuni mgongoni, na kama Kiembu changu kitanyooka hatimaye kiwe Kimeru. Hakuna aliyeuliza kama najua kompyuta. Leo watoto wangu ni wakubwa, ninafanya kazi ya ofisi mjini Embu na kurudi nyumbani kila Ijumaa, na swali ninaloulizwa ni hilo moja tu. Simu ikikataa kuwaka, naitwa mimi. Redio ikikohoa, naitwa mimi. Ofisini ninapokea wageni na kuchapa barua, lakini kwa watu wa mteremko wetu, anayekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima ni injinia.

Ndivyo nilivyoteuliwa, bila kura na bila kuulizwa, kuwa mtaalamu wa vibao wa chama cha wanawake wa kanisa letu.

Chama chenyewe kila mwaka hununulia wanachama kitu cha nyumbani, na kina sheria moja iliyo juu ya sheria zote: anachopata mmoja ndicho wanachopata wote, tena kiwe kile kile. Zamani, kabla sijaolewa, mwanachama mmoja alipelekewa sufuria iliyong'aa kuliko za wenzake, na kanisa nusura ligawanyike. Tangu hapo, ingia nyumba yoyote pale kwetu, utamiminiwa chai kutoka thamosi ileile yenye waridi jekundu, utakalia kochi lenye vitambaa vilevile vya kufuma, na ukilala utafunikwa blanketi lenye simba yuleyule. Mgeni akilala nyumba mbili mfululizo anaweza kudhani hakuhama.

Mwaka huu Mwenyekiti wetu alichoka na mablanketi. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyeongoza shule kwa jicho tu, na alikuwa amerudi kutoka ng'ambo alikokwenda kumwona binti yake. Alirudi na kifaa cha kusomea vitabu, chembamba, cha kijivu, nasi tukakiita kibao kwa sababu ndivyo kilivyoonekana. Alisimama mbele yetu akakieleza kama anayefundisha somo la sayansi. Humu kuna Biblia ya Kiswahili na ya Kimeru, kuna nyimbo, kuna sala, kuna vijitabu vya kilimo alivyoviweka mwenyewe kwa faida yetu. Hakilowi mvua ya njiani. Kikichajiwa leo kinakaa wiki kadhaa. Kila mwanachama atapata chake, cha aina moja.

"Na jambo la mwisho," alisema, akimtazama mama mkwe wangu kwa upendo wa kweli kabisa. "Herufi zinakuzwa mtu apendavyo. Hakuna tena mambo ya kusahau miwani."

Wanawake walipiga makofi. Mama mkwe wangu naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Mama mkwe wangu hajui kusoma. Ndilo jambo lenyewe, nalisema mapema ili nisimzungushe mtu. Amekuwa akiuza ndizi sokoni Nkubu tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Akigusa mkungu anakwambia utaiva lini, na zaburi anazozijua kwa moyo zinampita mhubiri wetu, ambaye ana cheti. Herufi tu ndizo hazijui. Alipokuwa mdogo, shule ilikuwa ya kaka zake na mbuzi walikuwa wake.

Kila mkutano wa chama huanza kwa kusoma. Kitabu kinazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja anasoma aya yake. Zamu ya mama mkwe ikikaribia, mambo mawili hutokea: ama chai jikoni inataka kufurika, ama miwani imebaki nyumbani. Mkutano ukiwa nyumbani kwake, basi ni chai. Mimi nilijua ukweli mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Alinipa karatasi ya dawa nimsomee, akaniambia hajui ameiweka wapi miwani, na miwani ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa aproni yake. Aliniona nikiiona. Nikasema, "Haya Mama, nitasoma," na kuanzia siku hiyo mimi ndiye miwani. Hatukuwahi kulizungumza waziwazi. Nilijihesabu kuwa mlinzi wa siri kubwa, na nakiri nilijipendea cheo hicho.

Jioni ya siku ile ya makofi tulikuwa tukimenya ndizi. Akaniuliza, bila kuinua macho, kama ni kweli mimi ndiye nitakayechagua kibao. Nikamwambia ndiyo.

"Basi chagua vizuri, mwari," akasema.

Mwari ndivyo anavyoniita, binti. Sauti yake haikutikisika hata kidogo, lakini ganda la ndizi alilikata pamoja na nusu ya ndizi yenyewe. Nilielewa nilichoagizwa. Wenzangu duniani hutafuta kibao kinachokuza herufi vizuri. Mimi nilitumwa kutafuta kisichokuza, ili yule mwanamke aendelee kusahau miwani yake kwa heshima.

Nilianza utafiti kwa bidii ya kiofisi, maana yake ni saa ya chakula cha mchana, kwa mtandao wa mwajiri. Huko niligundua kwamba kuna watu duniani ambao shida zao zote zimekwisha. Mmoja ameandika insha ndefu kulalamika kwamba mwanga wa kibao chake una umanjano kidogo upande wa kushoto. Mwingine amevunjika moyo kwa sababu ukurasa unachelewa kufunguka kwa kiasi cha kupepesa jicho. Nilitamani kumwalika kwetu, akae nasi tumngojee fundi wa stima.

Lakini nilijifunza, siwezi kukana. Nilijifunza kwamba maandishi ya vibao hivi hayang'ai machoni kama ya simu. Yanakaa kama wino kwenye karatasi, na hata juani sokoni mtu anasoma bila kukunja uso. Nilijifunza kuna vyenye mwanga wa kizungu, mweupe, na vyenye mwanga unaoweza kuugeuza ukawa wa koroboi. Kuna vya kugusa kioo na kuna vyenye batani za kufungulia kurasa. Unaweza kuchagua umbo la herufi, unene wake, nafasi kati ya mistari, upana wa pembeni, na picha itakayokaa usoni kibao kikiwa kimelala. Ni uhuru mkubwa, na chama chetu hakikuanzishwa kwa ajili ya uhuru.

Nilipoyafikisha hayo mkutanoni, picha ya usoni peke yake ilikula mchana mzima. Mmoja alitaka ng'ombe wake wa maziwa. Mwingine alitaka kijana wake akiwa na joho la chuo, mwenzake akasema basi na wake naye yuko na joho, tena la rangi. Mwenyekiti alikumbusha sheria: picha ni moja kwa wote. Wakaafikiana ni kanisa letu, lipigwe picha upande wenye paa. Halafu ikazuka hofu kwamba picha ile haiondoki hata ukizima. Mama mmoja aliibonyeza batani ya kuzima kibao cha Mwenyekiti mpaka kidole kikamuuma.

"Hii kitu haizimi," alisema. "Inakula tu chaji yetu hapa, na sisi tunaitazama."

Nilieleza kwamba picha ya namna hiyo haili chochote, inabaki tu kama picha ya kalenda ukutani. Walinisikiliza kwa adabu na hawakuamini. Waliamua jalada la kufuma litengenezwe, rangi ya maziwa na kahawia, moja kwa wote, ili kikifunikwa kisijue kama kinatazamwa.

Kuhusu kugusa kioo au batani, huko ndiko sayansi ilikoshindwa. Kibao cha Mwenyekiti ni cha kugusa. Wanawake wa chama wana vidole vilivyoshika jembe maisha yote, vigumu, vyenye mipasuko iliyoingia utomvu wa ndizi usiotoka. Walikigusa, nacho kikakaa kimya. Wakakigusa tena, kikaruka kurasa nyingi kwa mpigo. Watengenezaji walikipima kwa vidole vya wale watu wa umanjano wa kushoto, nina hakika. Nikaandika akilini kwamba batani ni muhimu, kisha nikarudi kwenye utafutaji wangu wa siri.

Huo nao ulikuwa na balaa lake. Kila kibao nilichokiona kilijisifu kwa jambo lilelile nililolikimbia. Kikubwa kinakuza, kidogo kinakuza, cha bei ya ng'ombe kinakuza, cha bei ya kuku kinakuza. Nilikata tamaa, mpaka mwenzangu wa ofisini aliponiambia anacho cha zamani kwenye droo yake, alichopewa na kaka yake. Nikakiwasha. Kilikuwa kizito, mwanga hakina, na herufi zake zinakua kidogo kisha zinakataa, wala huwezi kuzibembeleza. Nilikipenda papo hapo. Nikamwomba aniazime nikawaonyeshe wenzangu wa chama, na kumbe vya aina hiyo bado vinauzwa na watu wa mitumba ya elektroniki.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa nyumbani kwetu. Vibao viwili viliwekwa mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, na mimi nikasimama kukitetea changu. Nilisema ni imara. Nilisema hakina mambo mengi, na mambo mengi ndiyo huharibika. Nilisema batani zake hata mtu aliyetoka kulima anazibonyeza. Nilikuwa naongopa kwa ufasaha ambao ofisini hawajawahi kuufaidi. Mwenyekiti alinisikiliza, akauliza swali moja tu: herufi zinakua mpaka wapi? Nikasema zinakua kiasi. Akasema vizuri, basi tutaamua baada ya masomo, na masomo leo tutayasomea kwenye kile chake, kila mtu akipime kwa zamu yake.

Kwa hilo tulikuwa tumejiandaa, mimi na mama mkwe. Zaburi ya siku hiyo ilikuwa imetangazwa mapema. Asubuhi nilimsomea yote nikiwa nakoroga uji, na nusu yake alikuwa anaijua tangu utotoni. Nilipoirudia, aliishika nzima, kila aya, kwa sababu hatukujua itakayomwangukia. Hata hivyo tulipanga asifike huko. Tulipanga chai.

Chai ilichemka siku ile kuliko chai yoyote ya Meru yote. Kibao kilizunguka, kila mwanamke akakuziwa herufi kadiri ya macho yake, akasoma, akasukuma ukurasa kwa kidole mpaka ukubali, akamaliza aya yake, akampa mwenzake. Mama mkwe alikuwa jikoni akiusimamia moto. Lakini Mwenyekiti ni mtu wa adabu. Kilipofika kwa jirani yetu, mwenzake mama mkwe wa kuuza ndizi tangu ujana wao, Mwenyekiti alisema tusimruke mwenye nyumba, atakuja, tutangoja. Tukangoja. Mama mkwe alitoka akijifuta mikono, akakaa kwenye nafasi yake kati ya jirani na mke wa katekista.

Jirani alisoma aya yake. Kisha kwa huruma akaanza kumkuzia rafiki yake herufi. Alikuza, akakuza tena, akagusa mahali ambapo hapakufaa, na kibao kikafanya kama kilivyozoea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na thamosi mkononi, na niliona. Zaburi ilikuwa imekwenda zake. Kibao kilikuwa kimefungua kijitabu cha kilimo, na kwenye kioo chote, kwa herufi kubwa kadiri zinavyoweza kuwa, kulikuwa na neno moja: NDIZI.

Jirani alikitazama, akagusa mara nyingine, kikabaki hapohapo. Akampa.

"Unaona bila miwani?" akamuuliza.

"Naona," akasema mama mkwe.

Akakiinua, akakisogeza mbali kidogo na uso kama nilivyomwona Mwenyekiti akifanya, akasoma aya iliyofuata ya zaburi. Hakukosea hata neno. Alipumzika penye kupumzika. Penye jina gumu alikunja macho. Nilimpenda yule mwanamke wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na palepale nilitaka sakafu ipasuke inimeze na thamosi yangu. Alimaliza, akakipitisha kulia kwa utulivu.

Mke wa katekista alikipokea. Alitazama kioo. Kilikuwa na ndizi vilevile. Aliinua macho akamtazama mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameshaanza kunyoosha kitambaa cha kochi, kisha akayarudisha kwenye kioo na kusoma aya ya zaburi iliyofuata. Alimpa aliye kando yake. Huyu naye aliduwaa kidogo, akasoma. Wa baada yake zaburi hakuijua vizuri, basi akanong'ona maneno ya Kimeru yaliyofanana na sala, akayamaliza kwa kikohozi. Kibao kiliendelea kuzunguka na ndizi yake, na kila aliyekipokea alikuta zaburi ndani.

Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti. Huyu enzi zake alikuwa akimrudisha mtoto nyumbani akamlete mzazi kwa sababu ya uongo kuhusu rula tu. Alivaa miwani yake. Alilitazama lile neno kwa muda mrefu, nami nikaanza kuandaa akilini maneno ya kumtetea mama mkwe, sikuyapata. Kisha akasoma aya ya mwisho ya zaburi kutoka kwenye ndizi, kwa sauti ya gwaride, akasema Amina.

Nilimimina chai. Nyingine niliimwaga kwenye visahani, hakuna aliyenisema. Nilidhani yamekwisha.

"Mbona baada yangu hakuna mtu amesukuma ukurasa?" mama mkwe akauliza.

Akaeleza, polepole, kwamba wale wa kwanza wote walikuwa wakisukuma kidole kabla ya kumaliza, kwa sababu herufi ni kubwa na hazitoshi. Kuanzia kwake hakuna aliyesukuma. Sokoni yeye hutazama mikono ya watu, alisema, midomo huiachia wenyewe.

Jirani yake ndiye aliyejibu. "Hakuna zaburi hapo. Iliniponyoka, nikashindwa kuirudisha. Nikajua wewe haitakuzuia."

"Kuna nini?"

"Kuna ndizi."

Mama mkwe alikiweka kikombe chini. Aliuliza wamejua tangu lini. Jirani akasema tangu wakiwa maharusi, na mke wa katekista akasema yeye aliambiwa na mama yake, na mmoja wa nyuma akasema kwani kuna mtu hajui. Hivyo ndivyo nilivyovuliwa cheo. Siri niliyoilinda miaka yote ya ndoa yangu ilikuwa inalindwa na mteremko mzima. Mwenyekiti alikitazama kile kibao changu imara kisichokuwa na mambo mengi, akanitazama mimi, akatikisa kichwa, akakisukuma pembeni ya meza.

Mama mkwe alikasirika, na alikuwa na haki. Aliwaambia wamemfanya mtoto. Alisema afadhali angeaibika mara moja, miaka hiyo, yakaisha, kuliko kuaibika leo kwa jumla. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Jirani yake alimshika mkono akasema, "Wewe ulituambia miwani. Sisi tungesema nini tena?"

Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha Mwenyekiti, ambaye hajui kuacha kikao bila maafikiano, akauliza kwa sauti ya chini kama tuchukue kibao kipi.

"Hiki cha herufi kubwa," mama mkwe akasema kabla ya wote. "Na mtu anionyeshe."

Mwenyekiti akainuka. Alilibeba kochi dogo kwa mikono yake mwenyewe, kitambaa kikaanguka, akakaa kando yake. Akakiweka kibao mapajani mwa mama mkwe, akachukua kile kidole kigumu chenye utomvu wa ndizi, akakipitisha juu ya neno kuanzia kushoto, herufi baada ya herufi, akiitaja kila moja. Alipofika mwisho akakoma.

"Halafu?" mama mkwe akauliza.

"Imeisha. Hiyo ndiyo ndizi."

Alilitazama. Akalipitia tena kwa kidole, peke yake sasa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nimeibeba mgongoni maisha yangu yote," alisema. "Kumbe ni fupi hivi."